MBARIKA, AU MBONO: MAJINA YAKE NA KAZI ZAKE



Mti ninaotaka kuwaeleza mnaujua ninyi nyote. Unaota nyuma ya nyumba, penye jalala, penye majivu, na kando ya njia iendayo kisimani. Hakuna mtu aliyeupanda, nao umekwisha kumpita mtu kwa urefu. Watoto huchuma mbegu zake kwa kuzichezea, kwa maana ni nzuri machoni. Bibi zetu walipaka mafuta yake. Wengine waliyanywa kuwa dawa ya tumbo. Ndio mti wa mbarika, na watu wengi huuita mbono.

Labda mtasema, «Moniteri huyu anatufundisha jambo tunalolijua tangu utoto.» Ngojeni kidogo. Mimi nami nilidhani najua, nikakosa. Nitawaeleza kosa langu kwanza, ndipo mtaona kwa nini naandika.

KOSA LANGU

Siku moja nilifika katika kijiji kimoja kutazama mashamba ya maharagi. Jioni watu walikusanyika, nami nikasema habari za miti yenye faida. Nikasema, «Msidharau mbono. Mafuta ya mbono ni dawa ya kusafisha tumbo, hata wazungu huyanywa.» Nikasema hivyo tu. Sikuonyesha jani, sikuonyesha mbegu, wala sikuuliza watu wa pale huita mti gani mbono. Nikaondoka asubuhi nikifurahi kama mtu aliyefanya kazi njema.

Baada ya majuma machache nilirudi. Mzee mmoja akaniita kando, akaniambia kwa upole, «Mwanangu, dawa yako ilitaka kutuulia mtoto.» Mtoto wa ndugu yake alikuwa na tumbo gumu. Mama yake akakumbuka maneno yangu, akachuma mbegu katika ua, akazitwanga, akazichemsha, akampa mtoto kijiko kimoja cha mafuta. Usiku ule mtoto alitapika, akahara, akalia kwa kiu na kwa moto wa tumboni. Alfajiri walimchukua mgongoni mpaka dispanseri. Kwa bahati njema alipona.

Nikaomba nionyeshwe ule ua. Nikaona: haukuwa mbarika. Ulikuwa mti mwingine kabisa, nao katika kijiji kile jina lake ni mbono. Mama yule hakukosa. Alifanya neno lile nililolisema. Mimi ndimi niliyekosa, kwa kuwa nilitaja jina nisitaje mti.

Tangu siku ile sisemi tena habari ya dawa yo yote ila nimeshika jani lake mkononi. Na hivi kitabu hakiwezi kuwapa jani, nitawaeleza alama za mti huu moja moja, hata asiwepo wa kukosa.

1. MTI WENYEWE

Mbarika hukua upesi sana. Katika nchi ya joto na yenye mvua ya kutosha waweza kufika meta 10 hata 12, kama mti wa kweli. Penye baridi au udongo mbaya hubaki mfupi, meta 2 au 3. Shina lake ni kijani au jekundu, lina mafundo kama ya muwa, na ndani lina uwazi. Kwa hiyo hauwi kuni nzuri, wala nguzo ya nyumba.

Jani lake ni alama ya kwanza. Ni pana, limegawanyika kama mkono uliofunguliwa, na vidole vyake ni 5 hata 11. Ukingo wa kila kidole una meno madogo kama ya msumeno. Tena tazameni kikonyo chake: hakishiki ukingoni mwa jani, bali hushika ndani kidogo, upande wa chini, kama mpini wa mwavuli.

Maua yake hukaa katika shada moja linalosimama juu. Maua ya kike ni ya juu, yana nyuzi nyekundu; maua ya kiume ni ya chini, yana vumbi la manjano. Upepo hulichukua lile vumbi.

Tunda ni alama ya pili. Ni la mviringo, lina miiba laini nje, na ndani lina vyumba vitatu. Kila chumba kina mbegu moja. Tunda likikauka hupasuka kwa mlio na kurusha mbegu mbali. Ndiyo sababu mbarika huota pasipo mpanzi.

Mbegu ni alama ya tatu. Ni laini, inang'aa, ina madoadoa ya kahawia na nyeupe au nyekundu, na kichwani ina kinundu kidogo. Mtu akiitazama atasema, «Huyu ni kupe aliyeshiba damu!» Shikeni neno hili la kupe, maana tutalirudia.

2. MAJINA YAKE

Mti wenye faida nyingi hupewa majina mengi. Kwa Kiswahili huitwa mbarika, au mbono, au mnyonyo, na mbegu zake nyonyo. Wakikuyu wa nchi ya Kenya huuita mwariki, na mafuta yake maguta ma mbariki: mnaona ni ndugu wa neno mbarika. Watu wasemao Kinyarwanda, hata wale wa kwetu upande wa Rutshuru, huuita ikibonobono. Hapo twasikia shina bono mara mbili. Shina hilo ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Wenye elimu ya lugha wanasema babu zetu walikuwa nalo kabla ya kutawanyika katika nchi nyingi. Basi walikuwa na mti huu, wakatembea na jina lake.

Lakini si wote wenye shina hilo. Waganda husema nsogasoga. Wachewa wa Nyasa husema msatsi. Watu wa Ethiopia wasemao Kiamhara husema gulo. Tena upande ule wa Ethiopia na nchi za mashariki ya Afrika ndiko wataalamu wengi wanakodhani mti huu ulitoka mwanzo. Si mgeni aliyeletwa na merikebu. Ni mwenyeji.

Wafaransa na Wabelgiji huuita ricin. Jina hilo limetoka katika Kilatini, ricinus, na maana yake ni kupe! Warumi wa kale waliiona mbegu, wakasema neno lile lile tulilolisema sisi. Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliuandika katika orodha yake ya mimea kwa jina Ricinus communis, yaani kupe wa kawaida. Jina hilo hutumika mpaka leo katika nchi zote. Zamani watu wa Ulaya waliuita pia Palma Christi, maana yake kiganja cha Kristo, kwa sababu ya jani lake lililo kama mkono.

Wamisri wa kale waliita mafuta yake kiki. Herodoto, Mgiriki aliyeandika habari za Misri zaidi ya miaka 2400 iliyopita, alieleza kwamba watu wa huko walipanda mti huu kando ya mito na maziwa. Wengine walizitwanga mbegu na kuzikamua, wengine walizikaanga na kuzichemsha, nao walitia mafuta katika taa, ingawa yalinuka. Mnasikia? Ni kazi ile ile ya mama zetu. Tena kuna maandiko ya dawa ya Misri, yaitwayo mafunjo ya Ebers, ya karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, nayo yanataja mti huu kuwa dawa.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka habari ya Yona, aliyeketi chini ya mmea ulioota upesi ukampa kivuli, ukafa siku ya pili. Kwa Kiebrania mmea ule huitwa kikayoni. Biblia nyingine za Kiswahili zimeandika mtango, lakini wafasiri wengi wanafikiri ulikuwa mbarika, kwa ajili ya lile jina linalofanana na kiki, na kwa kuwa mbarika hukua upesi na majani yake ni mapana.

3. MBONO WA PILI: ANGALIENI SANA

Sasa nafika kwenye mti ule ulionikosesha.

Katika mahali pengi jina mbono ni la miti miwili. Wa kwanza ni mbarika. Wa pili ni mbono kaburi, nao huitwa hivyo kwa sababu watu huupanda makaburini. Wengine huupanda kuwa ua, kwa maana mbuzi na ng'ombe hawauli. Jina lake katika orodha ya wataalamu ni Jatropha curcas. Huu si mwenyeji wa kwetu: ulitoka Amerika ya katikati, ukaletwa Afrika na mabaharia Wareno.

Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, nayo yote miwili ina mbegu zenye mafuta. Lakini tazameni tofauti:

a) Jani la mbarika lina vidole virefu vyenye meno. Jani la mbono kaburi ni kama moyo, lina pembe 3 au 5 zisizoingia ndani, na ukingo wake hauna meno.

b) Tunda la mbarika lina miiba laini. Tunda la mbono kaburi ni laini kama yai dogo, halina mwiba hata mmoja.

c) Mbegu ya mbarika inang'aa na ina madoadoa ya kupe. Mbegu ya mbono kaburi ni nyeusi, haing'ai, haina madoa.

d) Ukivunja kijiti cha mbono kaburi hutoka utomvu mwingi unaoteleza, nao ukikauka hubaki alama katika nguo. Mbarika hautoi utomvu wa namna hiyo.

Kwa nini tofauti hii ni kubwa? Kwa sababu ya sumu. Mbegu za miti yote miwili zina sumu. Lakini sumu ya mbarika hukaa katika makapi, haiingii katika mafuta. Tena moto huiua. Sumu kali ya mbono kaburi hupenda mafuta, huingia ndani yake, wala kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mama yule, hata angalichemsha kutwa nzima, mafuta yale yangalikuwa sumu. Mafuta ya mbono kaburi ni ya sabuni na ya taa. Mtu asiyanywe kamwe, wala kijiko, wala nusu kijiko.

Basi mtu akikuambia sokoni, «Haya ni mafuta ya mbono,» usiulize bei kwanza. Uliza, «Ni mbono gani? Nionyeshe mbegu.» Asipoweza kuonyesha, usinunue kwa ajili ya kinywa.

4. KAZI ZA WAZEE WETU

Wazee hawakuuacha mbarika kando ya nyumba bure. Kazi zake zilikuwa nyingi:

Mafuta ya mwili. Kabla ya mafuta ya dukani, watu wa nchi nyingi walipaka mafuta ya mbarika katika ngozi na nywele. Ni mazito, hayakauki upesi, nayo huzuia ngozi isipasuke wakati wa jua na upepo. Kwa Wakikuyu, kijana au mwanamke hakuenda katika sherehe pasipo kupakwa.

Ngozi za wanyama. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi ikikauka huwa ngumu kama ubao. Wazee waliipaka mafuta haya na kuisugua mpaka ikawa laini ya kuvaa.

Taa. Utambi wa nguo katika kigae chenye mafuta ya mbarika huwaka polepole.

Sufuria na vyungu. Wanawake wa Ethiopia husugua kikaango chao cha udongo kwa mbegu za gulo zilizosagwa, ili mkate wao usishike. Kigae huwa cha moto sana, na moto ule huiua sumu. Lakini msiweke mbegu zenyewe katika chakula.

Majani. Jani bichi hupashwa motoni kidogo, likafungwa juu ya goti linalouma, au juu ya uvimbe, au katika paji la uso kwa maumivu ya kichwa. Joto lake hutuliza. Katika nchi nyingi akina mama huweka majani haya ya moto juu ya matiti, ili maziwa yaje. Hospitali haijathibitisha kwamba majani huleta maziwa, lakini kitu cha joto hulegeza titi lililojaa na kuuma. Mama akifanya hivyo aoshe titi vizuri kabla ya kunyonyesha. Tena majani haya yasichemshwe yakanywewa, maana nayo yana sumu, ingawa ni kidogo kuliko ile ya mbegu.

Dawa ya kuendesha tumbo. Hiyo ndiyo kazi iliyojulikana kuliko zote, nitaieleza peke yake.

5. NAMNA YA KUTOA MAFUTA

Mbegu ya mbarika karibu nusu yake ni mafuta. Bibi zetu waliyatoa hivi, na njia yao ni nzuri:

Kwanza, anikeni matunda juani katika uwanja uliofagiwa, mpaka yapasuke. Wekeni kizuizi cha mikeka pande zote, kwa maana mbegu huruka. Pili, pepeteni, mkaondoe maganda. Tatu, kaangeni mbegu katika chungu kwa moto mdogo, bila kuziunguza. Nne, zitwangeni katika kinu mpaka ziwe kama uji mzito. Tano, zitieni katika chungu cha maji mengi, mkazichemshe muda mrefu, mkikoroga. Mafuta hupanda juu. Sita, yaenguweni kwa kijiko, mkayatie katika chungu kingine, mkayachemshe tena mpaka maji yaliyobaki yaishe na mlio wa kutatarika unyamaze. Saba, yachujeni kwa kitambaa safi, mkayatie katika chupa kavu.

Kinu kile na mchi ule visitumike tena kwa mihogo wala mahindi. Kila nyumba inayotoa mafuta ya mbarika iwe na kinu chake cha mbarika. Makapi yaliyobaki ni sumu: kuku, mbuzi, nguruwe na ng'ombe wasiyale. Yachimbieni shambani, maana ni mbolea nzuri sana kwa migomba na mboga. Msiyamwage juu ya ardhi ambapo mbwa au kuku atayafukua. Tena vumbi lake likikauka huwafanya watu wengine kupiga chafya na kubanwa na pumzi, basi yachimbieni yangali mabichi, mkanawe mikono.

6. SUMU ILIYO NDANI YA MBEGU

Mwaka 1888 mwanafunzi wa udaktari, Stillmark, katika chuo cha Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu katika nchi ya Estonia, aliitenga sumu ya mbegu za mbarika, akaiita risini. Ni katika sumu kali kuliko zote zinazotoka katika mimea. Huingia katika vijumba vidogo vya mwili, ikazuia kazi yao ya kujijenga, navyo hufa.

Mbegu ikimezwa nzima, ganda lake gumu laweza kupita tumboni pasipo kupasuka, na mtu asipate neno. Ndiyo sababu wengine husema, «Mimi nilimeza nikiwa mtoto, mbona sikufa?» Lakini ikitafunwa, sumu hutoka. Kwa mtoto mdogo, mbegu chache tu zilizotafunwa zaweza kuleta kifo.

Tena sumu hii hudanganya. Mtoto aweza kutafuna mbegu asubuhi, akacheza mpaka saa sita kama mzima. Baadaye huanza kutapika, tumbo humkata, huhara, pengine na damu, maji ya mwili huisha, hulegea. Hakuna dawa inayoifuta sumu hiyo mwilini. Msaada wa waganga wa hospitali ni kumpa maji kwa mshipa na kuutegemeza mwili mpaka ushinde. Anayefika mapema ana tumaini kubwa kuliko anayechelewa.

Kwa hiyo, mkimwona mtoto ametafuna mbegu za mbarika au za mbono kaburi:

— Mtoeni zilizobaki kinywani, mkamsukutue kwa maji safi.
— Msimtapishe kwa kidole, wala kwa sabuni, wala kwa mafuta. Msimpe dawa ya miti.
— Msingoje kuona kama ataugua. Mchukueni upesi mpaka hospitali au kituo cha afya.
— Chukueni na mbegu chache katika jani, mganga azione kwa macho yake. Msiseme jina tu: mmekwisha kusikia jina lilivyonikosesha mimi.

7. HABARI YA KUNYWA MAFUTA

Mafuta ya mbarika yaliyo safi huendesha tumbo. Yakifika katika utumbo hubadilika, yakauamsha kufanya kazi kwa nguvu. Mtu mzima aliyefunga choo hupewa kijiko kikubwa kimoja au viwili, mara moja tu, na kwa saa 2 hata 6 tumbo hufunguka. Siku hizi waganga wana dawa nyingine zilizo laini zaidi, nao huyatoa mafuta haya mara chache.

Wazee walidhani kwamba kuhara ni kutoa ugonjwa wote. Sivyo. Mafuta haya hayaui malaria. Hayaui minyoo. Hayaponyi homa. Hutoa choo tu, na pamoja na choo hutoa maji ya mwili. Basi watu hawa wasiyanywe:

Mwanamke mwenye mimba. Nguvu ile ile inayoamsha utumbo huamsha na tumbo la uzazi. Yaweza kuleta uchungu kabla ya siku zake. Akina mama wengine hufanya hivyo kusudi ili wazae upesi; ni jambo la kuacha mikononi mwa mzalishaji wa hospitali peke yake.

Mtoto mchanga na mtoto mdogo. Wakiharishwa hukauka upesi kuliko mtu mzima. Asipewe ila kwa amri ya mganga.

Mtu anayehara tayari. Huyo ahitaji maji yenye sukari na chumvi kidogo, si dawa ya kuharisha tena.

Mtu mwenye maumivu makali ya tumbo ambayo sababu yake haijulikani. Pengine utumbo wake una jipu au umejifunga. Dawa ya kuuamsha yaweza kuupasua. Huyu apelekwe hospitali.

Tena mafuta mliyoyatoa nyumbani yatumieni kwa ngozi, kwa ngozi za wanyama na kwa taa. Ya kunywa yatoke kwa mganga wa dawa, maana yale yamesafishwa na kupimwa. Sisemi hivyo kwa kudharau kazi ya mama zetu. Nasema hivyo kwa kuwa hakuna awezaye kutazama chupa na kujua kama kazi ilifanywa sawasawa, au kama mbegu za mbono wa pili zimechanganyika ndani yake.

8. FAIDA YA MBEGU SHAMBANI

Labda sasa mtu atasema, «Ikiwa ndivyo, tuung'oe mbarika, tuuchome.» Hapana. Jembe hukata mguu wa mzembe, lakini hatutupi majembe.

Mafuta ya mbarika yanatafutwa na viwanda vya dunia, kwa sababu hayaganda upesi penye baridi wala hayawi mepesi mno penye joto. Katika vita ya 1914 hata 1918 ndege nyingi zilitiwa mafuta haya katika mashine zao. Leo hutengenezwa kwayo mafuta ya mashine, rangi, sabuni, dawa za kupaka, na hata namna ya nailoni. Nchi inayotoa mbegu nyingi kuliko zote ni Uhindi. Huko Uhindi kuna tena funza wa hariri anayelishwa majani ya mbarika.

Mbarika hupenda jua na udongo usiotuamisha maji. Huvumilia ukame kuliko mahindi. Chimbeni mashimo mwanzo wa mvua, kila shimo mbali na lenzake hatua moja na nusu au mbili. Tieni mbegu 2 au 3. Zikiota, acheni mche ulio na nguvu, mng'oe mingine. Palilieni mara mbili au tatu mpaka majani yafunike ardhi. Miezi ya kwanza mwaweza kupanda maharagi katikati. Baada ya miezi 5 au 6 mashada ya kwanza huwa ya kahawia: yakateni kabla hayajapasuka. Hayaivi yote pamoja, basi pitieni shamba mara kwa mara.

Lakini kabla ya kupanda shamba kubwa, ulizeni kwanza kama yuko mnunuzi, na bei yake. Mbegu hizi haziliwi. Mkikosa mnunuzi, njaa haitashibishwa nazo. Chakula kwanza, mbarika baadaye.

9. AMRI SITA ZA KUSHIKA

i. Jueni mti kwa jani, tunda na mbegu, si kwa jina.
ii. Msipande mbarika wala mbono kaburi karibu na shule, wala mahali watoto wachezapo. Ikiwa imeota hapo, kateni mashada kabla ya kuiva.
iii. Msiwape watoto mbegu hizi kuwa ushanga wala michezo, hata zikiwa nzuri namna gani.
iv. Mbegu za kupanda zifungieni katika chupa au debe, mbali na maharagi na karanga.
v. Makapi yote yachimbiwe shambani.
vi. Mafuta ya mbono kaburi hayanywewi kamwe.

Yule mtoto aliyepona nilimwona tena msimu uliofuata. Alikuwa akifukuza ndege katika shamba la mtama, ana nguvu, akanicheka kwa sababu ya kofia yangu. Mama yake akanipa ndizi. Nikamwonyesha jani la mbarika na jani la mbono kaburi, moja katika kila mkono, nikamwuliza lipi ni lipi. Akayatazama, akalishika lile lenye meno, akasema, «Hili ni la bibi yangu.» Kisha akalishika la pili, akalitupa.

Fanyeni hivyo ninyi nanyi. Jioni hii chumeni majani yote mawili, mkayaweke mbele ya watoto wenu, mkawafundishe mpaka wasikose.